Je, timu imlipe mrushaji mkongwe kupita thamani yake?

Na Mwandishi Wetu

KILA yanapoingia majira ya baridi nchini Marekani, wakati viwanja vya besiboli vimefungwa na wachezaji wako mapumzikoni, hujitokeza swali moja ambalo viongozi wa timu hawajapata kulipatia jibu la kudumu. Je, ni busara kumlipa mrushaji aliyekwisha kula chumvi nyingi fedha zinazozidi thamani ya kazi inayotarajiwa kutoka mkononi mwake?

Wapo wanaosema ng'ombe hazeeki maini. Kwa maoni yao, mrushaji aliyewahi kuwa bingwa hubaki kuwa bingwa, na uzoefu wake hufidia kasi iliyopungua.

Wapo pia wanaojibu kwamba mkono wa mrushaji si maini bali ni kamba, na kamba hukatikia pabovu. Hao huona kuwa fedha anazolipwa mkongwe ni shukrani kwa kazi aliyoifanya kwingine, tena kwa faida ya timu nyingine.

Hoja zote mbili zina ushahidi. Ndiyo maana makala haya hayataishia kwenye methali, bali yataitazama kumbukumbu ya mikataba iliyokwisha kutekelezwa, fedha zikalipwa na matokeo yakaonekana. Mfano ulio bora kupita yote ni wa timu ya New York Mets, kati ya mwaka 2021 na 2024.

Kwa wasomaji ambao hawaufahamu sana mchezo huu, ni vema kueleza kwanza kwa nini mrushaji ana bei kubwa kiasi hicho. Mrushaji husimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, umbali wa mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, na kurusha mpira ambao kwa mabingwa wa siku hizi huzidi kasi ya kilomita 150 kwa saa. Hakuna linalotendeka uwanjani kabla yeye hajaurusha.

Kazi hiyo huuchosha mkono vibaya mno. Kwa sababu hiyo, mrushaji anayeanza mchezo hupewa zamu moja kila baada ya siku nne au tano. Katika msimu wa kawaida wenye michezo 162, mrushaji mwenye afya njema huanza takriban michezo 32 tu.

Hapo ndipo ugumu wa hesabu unapoanzia. Timu inampa mtu mshahara unaozidi wa mchezaji anayeonekana uwanjani kila siku, ilhali yeye hufanya kazi siku 32 kwa mwaka. Hata hivyo, katika siku hizo 32, hakuna mwingine anayeweza kuamua matokeo kwa kiasi anachoweza yeye. Na ikifika hatua ya mtoano, ambapo michezo ni michache na mapumziko ni mengi, mrushaji mmoja hodari anaweza kuanza michezo miwili kati ya saba.

Adui yake mkubwa ni kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kupandikiza kano ya kiwiko, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa mchezaji wa ligi hiyo. John alirejea uwanjani mwaka 1976 na akaendelea kurusha hadi mwaka 1989, alipokuwa na umri wa miaka 46. Tangu hapo upasuaji huo umebeba jina lake na umewaokoa mamia ya wachezaji. Lakini kupona kwake huchukua mwaka mzima au zaidi, na kwa mtu aliyekaribia miaka 40, mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya muda uliobaki.

Jambo la pili linaloeleza bei hizo ni utaratibu wa ajira. Mpaka miaka ya 1970, mchezaji alikuwa kama mali ya timu yake, hana ruhusa ya kuuza kipaji chake kwingine. Uamuzi wa msuluhishi Peter Seitz wa Desemba 1975 ulivunja minyororo hiyo. Hata hivyo, mpaka leo mchezaji hana budi kutumikia miaka sita katika ligi kuu kabla ya kuwa huru kwenda sokoni.

Matokeo yake ni kwamba mchezaji hulipwa kidogo anapokuwa na nguvu nyingi, na hulipwa sana nguvu zinapoanza kumtoka. Mwaka 2023 kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 720,000 za Marekani. Kijana wa miaka 24 anayerusha kwa ustadi wote anaweza kulipwa kiasi hicho, na aliyeketi naye benchi moja, mwenye umri wa miaka 40, akalipwa mara 60 ya hapo. Si uonevu wala si ukarimu, ni mpangilio wa soko ulivyo. Lakini ni mpangilio unaomtega kila kiongozi wa timu asiye makini.

Sasa tuitazame New York Mets. Timu hiyo ilitwaa ubingwa kwa mara ya mwisho mwaka 1986. Novemba 2020 ilinunuliwa na tajiri wa mitaji, Steve Cohen, kwa takriban dola bilioni 2.4. Mashabiki waliozoea kuona ubahili walifurahi, kwani walipata mmiliki asiyeogopa kufungua pochi.

Desemba 2021 Mets walimsajili Max Scherzer, mrushaji aliyekuwa na tuzo tatu za Cy Young, kwa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 130. Alikuwa na umri wa miaka 37. Mshahara wake wa dola milioni 43.3 kwa mwaka ulikuwa haujapata kutolewa kwa mchezaji yeyote wa besiboli.

Msimu wa kwanza ulionekana kuwapa haki waliomsajili. Ingawa majeraha yalimfanya aanze michezo 23 tu, Scherzer alishinda 11 na kupoteza 5, kwa wastani wa pointi 2.29 alizofungwa kwa kila vipindi tisa. Mets walishinda michezo 101. Lakini siku ya kwanza ya mtoano, mbele ya mashabiki wake, San Diego walimfunga pointi saba kabla ya kipindi cha tano kumalizika. Mets wakatolewa katika mfululizo huo huo.

Badala ya kupunguza mwendo, uongozi uliongeza. Jacob deGrom, mrushaji waliyemkuza wenyewe, aliondoka kwenda Texas Rangers kwa mkataba wa miaka mitano na dola milioni 185. Kuziba pengo hilo, Desemba 2022 Mets walimsajili Justin Verlander kwa miaka miwili na dola milioni 86.7, yaani mshahara ule ule wa Scherzer kwa mwaka.

Ni haki kusema kwamba Verlander hakuwa ametoka makaburini. Mwaka huo wa 2022, akiwa na miaka 39 na akiwa amerejea kutoka katika upasuaji wa kiwiko, aliishindia Houston Astros michezo 18 na kupoteza minne, kwa wastani wa pointi 1.75. Alipewa tuzo ya Cy Young kwa kura zote, na timu yake ikatwaa ubingwa. Sokoni hakukuwa na mrushaji aliyefanya vizuri zaidi msimu huo.

Lakini kilichonunuliwa hakikuwa mwaka 2022. Kilichonunuliwa ni mwaka 2023 na 2024, na miaka hiyo Verlander angekuwa na umri wa miaka 40 na 41.

Hapa lazima tuongeze hesabu ya kodi, ambayo mashabiki wengi huisahau. Ligi ya Marekani hutoza kodi ya anasa kwa timu ambazo jumla ya mishahara yake inavuka kiwango kilichowekwa. Mwaka 2023 kiwango cha kwanza kilikuwa dola milioni 233 na cha juu kabisa dola milioni 293. Kwa kuwa Mets walikuwa wakikivuka kwa mwaka wa pili mfululizo, kila dola iliyozidi daraja la juu ilitozwa asilimia 90.

Maana yake ni nini? Mshahara wa Verlander wa dola milioni 43.3 uliwekwa juu ya rundo ambalo lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka. Kodi yake peke yake ilikuwa takriban dola milioni 39. Hivyo basi, mtu aliyetangazwa kwa bei ya milioni 43 aligharimu zaidi ya milioni 82 kwa mwaka. Mwisho wa msimu wa 2023, Mets walitozwa kodi ya takriban dola milioni 100.8, ambayo ilikuwa kubwa kuliko yoyote iliyowahi kutozwa hadi wakati huo.

Fedha hizo zilinunua nini? Siku ya ufunguzi wa msimu Verlander alikuwa majeruhi, na hakurusha mchezo wake wa kwanza mpaka Mei 4. Scherzer naye alifungiwa michezo 10 mwezi Aprili kwa tuhuma za kutumia kitu cha kunata mkononi, na wastani wake ukapanda kufikia pointi 4.01. Verlander alipopona alirusha vema, lakini timu ilikuwa imekwisha kuzama.

Mwishoni mwa Julai uongozi ulisalimu amri. Scherzer alipelekwa Texas, na siku mbili baadaye Verlander akarudishwa Houston. Mets walikubali kuendelea kulipa sehemu kubwa ya mishahara ya wote wawili ili wapewe vijana: Luisangel Acuña kutoka Texas, na Drew Gilbert pamoja na Ryan Clifford kutoka Houston. Walimaliza msimu kwa kushinda michezo 75 na kupoteza 87.

Kichekesho cha mambo kilikuja mwezi Oktoba. Texas na Houston zilikutana katika fainali ya ligi yao. Houston walimwanzisha Verlander katika mchezo wa kwanza na wa tano; Texas walimwanzisha Scherzer katika mchezo wa tatu na wa saba. Warushaji wawili waliosajiliwa kuipeleka New York kwenye ubingwa walikuwa wakipambana wao kwa wao huko kusini, na sehemu kubwa ya mishahara yao ikitoka New York. Texas walishinda mfululizo huo, kisha wakatwaa ubingwa wao wa kwanza katika historia.

Yaliyofuata mwaka 2024 yalithibitisha hofu ya wenye shaka. Scherzer alianza michezo tisa tu. Verlander alishinda mitano na kupoteza sita, wastani wake ukiwa pointi 5.48. Mwaka wa mwisho wa mikataba yote miwili haukuwa na faida iliyokaribia gharama yake.

Je, haya yanatosha kuhukumu kwamba mkongwe asilipwe? La. Wanaotetea usajili wa wakongwe nao wana mashahidi wao, tena wenye uzito.

Shahidi wa kwanza ni Randy Johnson. Desemba 1998 timu changa ya Arizona Diamondbacks, iliyokuwa imecheza msimu mmoja tu, ilimsajili kwa miaka minne na dola milioni 52.4. Alikuwa na miaka 35, na alikuwa amewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Wengi waliona ni wazimu. Johnson akatwaa tuzo ya Cy Young mwaka 1999, 2000, 2001 na 2002, miaka yote minne ya mkataba. Mwaka 2001, yeye na Curt Schilling waliiongoza Arizona kuwashinda New York Yankees katika World Series, na Johnson peke yake alishinda michezo mitatu kati ya minne iliyohitajika.

Shahidi wa pili ni Nolan Ryan. Mwaka 1988 mmiliki wa Houston Astros alimtaka apunguziwe mshahara, akiamini kwamba mtu wa miaka 41 hana pengine pa kwenda. Ryan akaenda Texas. Mwaka 1989, akiwa na miaka 42, aliwaondoa wapigaji 301, idadi iliyokuwa kubwa kuliko ya mrushaji mwingine yeyote msimu huo. Mei 1, 1991, akiwa na miaka 44, alirusha mchezo wake wa saba ambamo timu pinzani haikupata hata pigo moja halali. Hakuna mrushaji mwingine aliyefikia idadi hiyo. Kwa Houston, ubahili ndio uliokuwa ghali. Rahisi huvunja upishi.

Hata hivyo, ni vema mashahidi hawa nao wahojiwe. Katika miaka mitano ya Ryan, Texas hawakufika hatua ya mtoano hata mara moja. Walichopata ni mashabiki kujaa uwanjani na jina la timu kuheshimika. Na Arizona, baada ya ubingwa wao, walibaki na mzigo wa mishahara waliyoahidi kuilipa miaka ya baadaye. Mwaka 2004 walipoteza michezo 111. Kwa shabiki wa Arizona pengine ubingwa mmoja ulistahili gharama hiyo, lakini asije mtu akadai kwamba ulipatikana bure.

Kati ya ncha hizo mbili upo mfano wa Roger Clemens. Mei 6, 2007, katikati ya mchezo, Clemens alijitokeza katika chumba cha mmiliki kwenye uwanja wa Yankees na kuwatangazia mashabiki kwa kipaza sauti kwamba anarejea. Alikuwa na miaka 44. Mkataba wake ulikuwa wa dola milioni 28 kwa hesabu ya msimu mzima, ukigawanywa kwa muda ambao angecheza. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe.

Clemens alianza michezo 17, akashinda sita na kupoteza sita, kwa wastani wa pointi 4.18. Kwa kila mchezo aliouanza, Yankees walimlipa takriban dola milioni moja. Timu iliingia hatua ya mtoano, na katika mchezo wa tatu dhidi ya Cleveland Clemens alitolewa kipindi cha tatu kwa maumivu ya msuli wa paja, timu ikiwa nyuma.

Aliyechukua nafasi yake ni Phil Hughes, kijana wa miaka 21. Hughes alirusha vipindi vitatu na theluthi mbili bila kufungwa hata pointi moja, na Yankees wakashinda mchezo huo kwa 8-4. Ulikuwa ushindi wao pekee katika mfululizo ule. Mshahara wa kijana yule ulikuwa tone katika ndoo ya Clemens.

Kutokana na mifano hii, mwandishi wa makala haya anaona kwamba swali lenyewe huulizwa vibaya. Watu huuliza, "Je, mkongwe huyu bado ana uwezo?" Hilo ni swali la daktari na la mwalimu wa warushaji. Kiongozi wa timu anapaswa kuuliza mambo matatu mengine kabla ya kutia saini.

La kwanza ni mahali ilipo timu yake katika msimamo. Tuseme mrushaji fulani anaweza kuongeza ushindi mara tano kwa msimu. Timu inayotarajiwa kushinda 72 itafikia 77, na bado itakuwa nyumbani ikitazama mtoano kwenye televisheni. Timu inayotarajiwa kushinda 86 itafikia 91, na kwa kawaida idadi hiyo huifikisha Oktoba. Mkono ni ule ule na mshahara ni ule ule, lakini thamani ni mbili tofauti. Anayesimama mlangoni ana haki ya kulipa zaidi ili aingie; aliye mbali na mlango akilipa bei hiyo hiyo anatupa fedha.

Kwa kipimo hicho, Mets wa Desemba 2022 hawakuwa wajinga. Walikuwa wametoka kushinda michezo 101. Walikuwa na sababu ya kuamini kwamba wako mlangoni. Kosa lao lilikuwa kuegemeza nyumba nzima juu ya nguzo mbili zilizokatwa kutoka mti wa umri mmoja. Nguzo moja ikilegea, nyingine ingeweza kubeba. Zilipolegea zote msimu mmoja, paa halikuwa na pa kushikilia.

La pili ni urefu wa mkataba. Mara nyingi kinachoiangamiza timu si ukubwa wa mshahara bali ni idadi ya miaka. Mwaka mmoja wa gharama kubwa ni hasara inayokwisha. Mwaka wa tatu wa mkataba wa mtu aliyechoka ni jeraha linalotonoka kila siku ya malipo.

Ushahidi wa hilo unaonekana kwa Clayton Kershaw wa Los Angeles Dodgers. Katika miaka yake ya mwisho, timu hiyo haikumfunga wala haikufungwa naye kwa muda mrefu. Kila msimu ulikuwa na makubaliano yake. Mwaka 2025, akiwa na miaka 37, alikubali mshahara wa msingi wa dola milioni 7.5, na nyongeza kadiri anavyoanza michezo mingi zaidi. Alishinda 11, akapoteza miwili, akafikisha wapigaji 3,000 aliowaondoa katika maisha yake, na akastaafu akiwa bingwa. Mkataba wa namna hiyo humheshimu mkongwe bila kuwadhulumu wengine: akiweza atalipwa, asipoweza timu haifilisiki.

La tatu ni gharama ya kijana anayezibiwa njia. Fedha zinaweza kutafutwa tena, hasa kwa tajiri kama Cohen. Nafasi ya kurusha haiongezeki. Kila mchezo unaoanzwa na mkongwe kwa sababu tu mkataba wake ni mkubwa, ni mchezo ambao kijana hakujifunza kitu. Hughes asingejulikana usiku ule kama msuli wa Clemens usingeuma.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba fedha ni za mmiliki, na shabiki hapungukiwi kitu tajiri akizitapanya. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Shabiki halipi mshahara wa mrushaji moja kwa moja, lakini hulipa tiketi, huilipia televisheni, na zaidi ya yote hulipa kwa miaka yake ya kusubiri. Shabiki wa Mets aliyezaliwa mwaka 1986 alikuwa na umri wa miaka 37 Scherzer na Verlander walipoondoka. Mtu huyo hadai hesabu za benki. Anadai kwamba wanaofanya uamuzi wawe wamefikiri.

Wapo pia watakaosema kwamba mkongwe hufundisha vijana. Hilo ni kweli, na kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini kama kinachohitajika ni mwalimu, mwalimu hapatikani kwa dola milioni 43. San Francisco Giants walimpata Verlander mwaka 2025 kwa dola milioni 15 za mwaka mmoja. Ilimbidi angoje mpaka Julai ndipo apate ushindi wake wa kwanza, na alimaliza kwa kushinda minne na kupoteza 11; lakini wastani wake ulikuwa pointi 3.85, jambo linaloonyesha kwamba wenzake walimwangusha kuliko yeye alivyowaangusha. Kwa bei hiyo na muda huo, hakuna aliyedai kwamba Giants walifanya kosa la kihistoria.

Mfano wa mwisho ndio unaokusanya mafunzo yote. Mwaka 2025 Toronto Blue Jays, ambao walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu mwaka 1993, walimsajili Scherzer kwa mwaka mmoja na dola milioni 15.5. Wakati wa msimu alianza michezo 17 tu, wastani wake ukiwa pointi 5.19. Mtu aliyetazama takwimu peke yake mwezi Septemba angesema Toronto walidanganywa.

Mwezi Oktoba, katika mchezo wa nne wa fainali ya ligi huko Seattle, meneja John Schneider alipotoka kwenda kumtoa, Scherzer alimfokea hadi akageuka na kurudi. Alifungwa pointi mbili tu na Toronto wakashinda. Kisha, Novemba 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 41, alipewa mpira kuanza mchezo wa saba wa World Series dhidi ya Los Angeles. Alirusha vipindi vinne na theluthi moja, akafungwa pointi moja, na akaondoka timu yake ikiwa inaongoza. Toronto walikuja kupoteza kwa 5-4 katika kipindi cha 11, lakini si yeye aliyewapotezea.

Lakini tusisahau nusu ya pili ya habari hiyo. Mchezo wa kwanza na wa tano wa fainali hiyo Toronto hawakumpa Scherzer. Walimpa Trey Yesavage, kijana wa miaka 22 aliyekuwa ameuanza mwaka huo katika ligi za chini kabisa za mafunzo. Katika mchezo wa tano kijana huyo aliwaondoa wapigaji 12, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na mrushaji mgeni katika World Series. Mkongwe alikuwapo, na njia ya kijana haikuzibwa.

Hivyo basi, jibu la swali letu si ndiyo wala hapana kwa kila timu. Timu iliyo karibu na ubingwa inaweza kumlipa mkongwe zaidi ya thamani yake, mradi iwe kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana. Mradi iwe imehesabu kodi pamoja na mshahara. Na mradi iwe tayari kumpa mpira kijana siku mkono wa mkubwa utakapokataa. Timu inayokosa hata moja kati ya hayo, na imwache mkongwe aende kwa wengine, hata kama mashabiki watanung'unika.

Mets wenyewe, mwaka mmoja tu baada ya kuwaachia wakongwe wao wawili, walishinda michezo 89 na kufika fainali ya ligi yao mwaka 2024. Hawakuwa na jina kubwa hata moja la umri wa miaka 40 kwenye kichuguu.

Fedha za usajili zitaendelea kumwagwa kila majira ya baridi, na majina ya zamani yataendelea kuwapofusha wenye pochi nene. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa timu inayomtaka mrushaji mkongwe, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo uandikwe umri atakaokuwa nao siku ya mwisho ya mkataba, wala si tuzo alizozipata kabla ya kuutia saini.